Kipande cha Gazeti Kilichofunga Mandazi

Juzi nilikuwa katika ofisi ya wakili mjini Naivasha, mtoto mgongoni, nikingoja hati ya kiapo ya kurekebisha jina lake. Akaingia mama mzee kutoka Kihoto, mtaa ulio kando ya ziwa, na kumpa wakili kipande cha gazeti chenye madoa ya mafuta.

“Ni wewe uliandika hii?”

“Ni mimi, mathe.” Ilikuwa makala yake kuhusu mabroka wanaonunua ploti zilizofunikwa na maji ya ziwa.

“Nilifungiwa mandazi nayo. Imeraruka hapa uliposema, ‘Kabla ya kutia sahihi’. Na broka ananingoja kwa steji ya matatu na karatasi zake za ploti yangu. Nimekuja unimalizie.”

Wakili hakucheka. Alitoka nyuma ya meza, akaketi kando yake kwenye benchi. “Niliandika hivi: kabla ya kutia sahihi, usomewe kila neno na mtu ambaye halipwi na broka.”

“Basi nitazileta hizo karatasi unisomee wewe. Huyo broka angoje.”

Nilikumbuka kwetu Rongai, tulivyokuwa tukinyoosha gazeti lililofunga nyama na kumsomea baba likiwa bado na damu. Mwisho wa habari ulikuwa umekatwa kila mara, naye alitutungia mwingine mzuri. Natamani sana kusikia mwisho wake mmoja tena.

Nasikia mawakili wachanga huuliza watapata wapi wateja. Kwa niliyoyaona pale, waandike gazetini juu ya jambo linalowanyima watu usingizi wiki hii, halafu wawe ofisini mtu anapokuja kuulizia mwisho wa makala.