Niliichokonoa Seva, Nikampoteza Mtoto wa Watu

Kosa ni langu, msimtafute mwingine. Majina yalipoharibika kwenye kompyuta, bosi nilimwambia ni umeme, na kwa kuwa hapa Mpanda umeme unasingiziwa kila kitu, akaamini. Haukuwa umeme jamani. Ni mimi!

Mimi ni fundi wa kompyuta, Msukuma niliyekulia Sibwesa nikichunga ng'ombe wa baba. Nilisoma kozi Dar, nikarudi najiona kweli kweli. Nikaajiriwa kwenye ofisi inayowatafutia wakimbizi wa Burundi ndugu waliopotezana nao vitani. Majibu kutoka kambi nyingine yalikuja kwa redio kol, karani anasikiliza huku anachapa moja kwa moja kwenye kompyuta. Karatasi hakuna. Tuliona ndiyo maendeleo.

Majina yote yalikaa kwenye seva, lile likompyuta kubwa linalohudumia kompyuta za makarani wote. Lilinguruma kutwa nzima, nami nililidharau! Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huwa na namba ya kasi yake. Ilipoletwa kompyuta mpya ya mezani, nikakuta namba yake imeipita ya seva.

"Mama, hili zee tunalilisha dizeli ya jenereta bure," nikamwambia bosi. "Hii mpya ina mbio zaidi."

"Una uhakika?"

"Mama, fundi si ndiyo mimi?"

Mungu wangu! Laiti angenizaba kibao siku ile.

Sikujua kwamba prosesa ya mezani imetengenezwa kwa mtu mmoja, aandike barua yake, amalize, azime. Inakimbia, sikatai. Ya seva imetengenezwa ihudumie watu wengi kwa mpigo bila kupumzika. Ina ghala kubwa la kazi humo humo ndani, zinaweza kukaa mbili zikasaidiana, tena inafanya kazi na kumbukumbu inayojikagua, herufi ikiharibika inarekebishwa. Na mimi nimelima kwa maksai! Nani kwetu anamfunga ndama plau eti kwa sababu anajua kukimbia?

Nikahamisha majina yote. Halafu tamaa ikaniingia. Nikazichomoa zile prosesa mbili za seva kwa bisibisi, nizipachike kwenye ile mpya iwe na nguvu zaidi. Wapi! Ile mpya ina nafasi ya prosesa moja tu, na umbo lake ni tofauti kabisa. Nikajaribu kuzirudisha zilikotoka, moja vijisindano vyake vya chini vikakatika, ya pili ikaingia lakini seva haikuwaka tena. Nikalifunika na kitambaa, nikanyamaza.

Siku za mwanzo nilisifiwa. Joto la Oktoba lilipokuja, makarani wote wakichapa kwa pamoja, ile kompyuta ikawa inaganda. Naizima, naiwasha, maisha yanaendelea. Kumbe kila ikiganda inakata majina, inachanganya baba wa huyu na kijiji cha yule! Na mimi nanakili kwenye mikanda ya akiba kama kawaida, nafuta yaliyo mazima kwa yaliyooza.

Kuna mama mmoja Mrundi, tunamwita Mama Leonidasi. Alipotezana na mwanawe wakikimbia. Jibu lake lilikuwa limeshakuja, ila wiki ile aliumwa, hakufika ofisini. Alipopona akaja, karani akafungua kompyuta, akakuta takataka tupu.

Karani akanivuta pembeni. "Kaka, yule mtoto alipatikana. Nilichapa mwenyewe! Ila kambi gani, sikumbuki. Majina yalikuwa mengi mno siku ile."

Nikakimbilia redio kol, nikaita kambi moja baada ya nyingine. Wote wananijibu vilevile: watoto ni wengi, wanahamishwa kila mara, tupe namba ya faili. Namba ya faili ndiyo iliyopotea! Nilikaa pale na kipaza sauti mkononi nikalia.

Mama Leonidasi anaamini mashine inaumwa. Mara moja aliniletea asali, eti mnahangaika sana na mwanangu. Nikaipokea.

Nyie mafundi wenzangu, msidanganywe na namba ya kasi. Ulizeni kwanza hicho kitu kilitengenezwa kwa kazi gani, na msichokijua msikichomoe. Na mkiharibu, semeni siku hiyo hiyo, kabla hakijaharibika cha mwisho. Mimi sikusema, na sasa hata nikisema hakirudi kitu.

Kila Alhamisi anakuja. "Mwana wanje," ananiambia kwa Kirundi chake, mwanangu, "leo mashine imesema nini?" Juzi alinionyesha kwa mkono, begani kwake, kwamba Leonidasi sasa atakuwa na urefu huu. Akaniomba niandike na hiyo, isaidie kumtambua.

Nikachapa, naye akasimama nyuma yangu akiangalia.