Posa ya Mbale na Ndege wa Afande Musa

Nilitoka Jinja kwa sababu ya Mariamu. Ni fundi cherehani, jirani na duka langu la vitambaa, na tulikuwa tumekubaliana kila kitu isipokuwa baba yake. Afande Musa, askari magereza mstaafu, alitaka kuniona kwa macho yake kabla wazee wangu hawajapeleka posa.

"Ukimpendeza, tunaoana," Mariamu aliniambia. "Usipompendeza, tutaendelea kusalimiana."

Nikapanda basi la kwenda kwao Mbale.

Baada ya Iganga nilianza kuona mpunga. Mpunga kulia, mpunga kushoto, na kila tuliposimama wachuuzi walituinulia mchele dirishani. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema zamani ukipita huku unaona mtama, pamba na mafunjo ya kinamasini. Nikajiuliza watu hawa walianzaje kulima mpunga.

Mbale, kwenye eneo la viwanda, nilipokewa na Isa, kaka yake Mariamu, akiwa amejaa pumba kuanzia nyusi hadi viatu. Anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa. Nikamuuliza mchele wa huku umeanzaje kujulikana.

"Ni sisi, shemeji," akasema bila kusita. "Mpunga natoka kila mahali, lakini sisi ndio nakoboa. Gunia ikitoka hapa, watu nasema muchele ya Mbale."

Akanipakia kwenye bodaboda kwenda kwa baba yake, akanionya nisiende kumbishia mzee.

Bondeni tulimkuta Afande Musa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kuwingia ndege, akiwafokea kwelea kwa Kiswahili. "Mikono juu. Toka shamba ya serikali. Wewe mwenye kichwa nyekundu, nakuona." Nyumbani kwetu Jinja lugha hii tunaitumia kuombana chumvi mezani. Nilitamani kuinua mikono mimi.

Nikamsalimu, nikamuuliza kwa nini Kiswahili.

"Ndege ya hapa haiogopi lugha ya nyumbani," akasema. "Kiswahili nakumbusha yeye jeshi."

Nikauliza pia mpunga ulifikaje huku, nikisahau kuwa nimekuja kuulizwa mimi.

"Ni mimi," akasema. "Nilipanda peke yangu. Ndege yote ya Mbale ikakuja kwangu. Nikabembeleza jirani: wewe panda, na wewe panda, tugawane ndege. Sasa redio nasema hii ni inchi ya muchele. Mimi nilitaka kupumzisha koo tu."

Baada ya chai akanipandisha dunguni. "Leo linda wewe. Tuone kama wewe ni mwanaume."

Nikakohoa. Nikasema, "Jamani, hebu ondokeni kidogo, tafadhali." Kwelea mmoja akanitazama, akaendelea kula. Nikapiga makofi; wakadhani nawakaribisha. Nikajaribu kufoka kama Afande, sauti ikatoka nyembamba, na kundi zima la shamba la pili likahamia kwetu kuja kusikiliza.

Kufikia adhuhuri mashamba ya majirani hayakuwa na ndege hata mmoja. Wenyewe walikuwa wamekaa kivulini, wakiniangalia kwa upendo ambao sijawahi kuonyeshwa hata na shangazi zangu. Mmoja akavuka maji ya shambani kuja kumpa mzee mkono.

"Afande, huyu mukwe usimwachie," alimsihi. "Kila msimu aje."

Jioni Afande Musa alizunguka shamba lake akishika masuke matupu. Isa akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nami nikajua nimemkosa Mariamu. Iliniuma, machozi yakanilenga, nikasingizia vumbi.

Mzee akasimama mbele yangu. "Ndege imemaliza muchele yangu mbele ya macho yako. Wewe nasema yeye tafadhali."

"Nisamehe, baba."

"Umekasirika?"

"Sana."

"Na ukikasirika sana, kelele yako ndiyo ile tu?"

Nikakiri kwamba ndiyo ile.

Akafikiri. "Mimi nafokea watu gereza, nafokea ndege, nafokea mama yake Mariamu. Mariamu amekua nasikia kelele kila siku. Lete wazee yako. Lakini hapa shambani, mguu yako nisione tena."

Asubuhi nilirudi Jinja nikitabasamu peke yangu ndani ya basi. Nilichojifunza ni kwamba sehemu inaweza kujulikana kwa mchele kwa sababu mtu mmoja alichoshwa na ndege. Na baba mkwe anaweza kukupa binti kwa udhaifu uleule uliomwacha bila mavuno.