Maharage Yaliyotoa Povu

Bado nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Mimi ndiye yule mama wa mtaa wa Bwiza anayejisifu kwamba hatupi kitu. Kopo la maziwa likiisha naliosha, natia ndani chumvi, magadi, sabuni ya unga ya kufulia. Makopo yote yanafanana. Mume wangu aliniambia niandike majina juu yake, nikamjibu kwamba jikoni kwangu sihitaji mwalimu.

Jumamosi nilipika sufuria moja ya kushibisha watu saba: maharage makavu ya siku nyingi, viazi vya mwisho na kiganja cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Ili yaive upesi nisimalize makaa, nikatia vijiko viwili vya magadi. Povu jeupe likaumuka, likamwagika, likazima jiko.

Nikaamua hapo hapo kwamba Mzee Saidi, mwenye duka la kona, ameyanyunyizia maharage dawa ya wadudu. Nikabeba sufuria kwa kitenge, nikapita barabara nzima nikitangaza kwamba anataka kuniulia watoto. Majirani wakanifuata.

"Onja sumu yako," nilimwambia mbele ya wateja.

"Apana, Mama Divine. Mi siwekaka dawa mu maharage."

"Basi onja."

Hakuonja. Aliinama, akanusa, akanusa tena, kisha akawatazama watu wote kabla ya kunitazama mimi.

"Mama Divine," akasema kwa upole, "haya maharage inanukia sawa na kanzu yangu ya Ijumaa ikitoka kufuliwa."