Osée Apunguza Mwendo, Ukumbi Wainuka

Saa tisa alasiri, Osée Bolamba anaegemeza toleka yake, baiskeli ya kubebea abiria, kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia mjini Kisangani. Anafuta jasho, anavaa gitaa, anaunganisha kikuza sauti na betri ya gari.

Anapiga noti moja ya chini kabisa. Anaiacha ingurume mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka.

"Zamani, saa hii ningekuwa nimeshamaliza wimbo muzima," anasema akicheka.

Kwa miaka minne kijana huyu wa miaka ishirini na saba aliimba panki: nyimbo za mbio na makelele, dakika moja na nusu kila mmoja, alizojifunza kwenye kaseti aliyoachiwa na mwalimu wa Kibelgiji. Mara ya kwanza majirani walimkimbilia na ndoo ya maji, wakidhani ameungua kwa mafuta ya moto.

Kisha ikaja Juni ya mwaka jana, 2000. Kwa siku sita majeshi mawili ya kigeni yalipigana, na mabomu yakauangukia mji. Osée alijificha kwa jirani yake, Mama Mwanahamisi, mzaliwa wa Maniema. Watoto walipolia, mama huyo aliwaimbia polepole, kwa sauti nzito ya kifuani, hadi wakatulia.

Mapigano yalipokoma, Osée alirudi mazoezini. Alipopaza ukelele wake wa kwanza, watoto waliokuwa mlangoni walijitupa chini.

"Walifikiri bombe zimerudi. Bon, nilifunga kinywa. Wiki tatu sikuimba."

Alipoanza tena, alianza na sauti ya Mama Mwanahamisi. Alilegeza nyuzi, akachanganya na bluzi, nyimbo za huzuni alizosikia redioni, akaongeza uzito wa hevi metal, muziki wa magitaa yanayonguruma. Maneno yakawa ya giza: nyumba zisizo na paa, watu walioondoka bila kuaga.

Mpiga ngoma wake, Germaine, alipinga. "Osée, hii iko ya matanga! Nani atacheza?"

Jumapili iliyopita walijaribu ukumbini humu, mbele ya watu mia mbili. Wimbo ulipokwisha, hakuna aliyekuwa ameinuka kucheza. Germaine akashusha vijiti. Ndipo Mama Mwanahamisi akasimama, mkono kiunoni.

"Rudilieni! Nimelia tu, sijacheza bado!"

Watu wakaangua kicheko, wakainuka. Wimbo ulirudiwa mara nne.

Agosti Germaine anaolewa, na ameagiza wimbo wa harusi, mzito vilevile. Osée ameshaanza kuutunga.

"Giza iko ndani," anasema. "Lakini kwa mwisho, mutu anafungua mulango."