Mwendo wa Kumwonyesha Baba

Binti yangu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Miguu ndiyo iliyochelewa. Alizaliwa kwa shida, akakawia kulia, na daktari akasema ni mtindio wa ubongo. Akili yake ni nzima, tena kali, ila misuli ya miguu haimsikii. Baba yake naye hakutaka kusikia. Alisema kwao hakuna watoto wa namna hiyo, mama mkwe wangu akaitikia, na kabla mtoto hajaota meno nikawa nimerudishwa kwa dada yangu na mabegi yangu. Bwana akaoa upya. Mimi nikabaki kiguu na njia: kliniki, mazoezi, kufua nguo za watu na mtoto mgongoni, kliniki tena. Msomaji asidhani nimetia chumvi. Nimepunguza.

Sasa Chiriku ana miaka kumi. Hutembea kwa ncha za vidole, goti la kulia likiingia ndani, mkono umekunjwa kama ameshika kikombe. Huenda mbiombio, maana akipunguza mwendo huanguka. Shuleni wakimtania kwamba visigino vyake havigusi chini, huwajibu, "Vyangu bado vipya. Angalieni vyenu vilivyochakaa."

Mwaka huu mguu wa kulia ulianza kukakamaa. Mtaalamu wa mazoezi akasema atengenezewe kifaa cha plastiki cha kushika kifundo, kilichopimwa kwa mwendo wake mwenyewe. Tukichelewa, au kikikosewa, msuli utafupika na itabidi apasuliwe. Tukasubiri zamu mpaka nikawa siwezi kukaa kitako. Nafagia palipokwisha kufagiwa, nainuka usingizini kumshika mguu.

Tuliambiwa aje na kaptura na tulete viatu vyake vya zamani. Chiriku akaongeza lake bila kuniuliza: alichukua simu ya dada yangu akampigia baba yake.

Chumba cha kupimia kilikuwa kirefu na kitupu, katikati kimetandikwa mpira mwembamba wa kutembelea, kamera zimezunguka ukutani. Mpimaji, dada mmoja wa maneno machache, alimbandika Chiriku vidoti vya kung'aa kwenye nyonga, magoti na vifundo.

"Dada, umenigeuza baiskeli," Chiriku akasema.

"Ukikosa breki nitakudaka."

Mlango ukafunguliwa, baba yake akaingia na shati lililopigwa pasi, ananukia mpaka dirishani. "Hamjambo," akasema. Mimi niliinama kupanga vile viatu vya zamani. Chiriku aliitikia kwa sauti ndogo nisiyoijua.

"Haya, mama, njoo mpaka kwangu," mpimaji akamwita Chiriku.

Akaja. Huo mwendo sikuwahi kuuona. Kila kisigino alikisukuma chini kwa nguvu, polepole, meno ameyauma, mkono ameunyoosha ubavuni kama askari. Jasho lilimtoka. Macho hayakuwa kwa mpimaji, yalikuwa kwa shati lile.

Baba akapiga makofi. "Si anatembea vizuri tu! Mama mtu, unatutisha bure."

Mpimaji akamrudisha. Akaja vilevile. Akamrudisha tena, vilevile. Akatazama kompyuta yake, halafu akaviokota viatu vya zamani akavigeuza: mbele vimelika hadi tundu, visigino kama vimetoka dukani leo.

"Viatu hivi na mwendo huu havijuani," akasema. "Mama Chiriku, nyumbani anatembea hivi?"

"Hatembei hivi hata akiota."

"Basi siwezi kuutumia. Kifaa kinafuata ninachokipima. Nikipima huu, kitambana pasipotakiwa na kumwachia anapohitaji kushikwa."

Nilikuwa nimeinuka, nimekaa, nimeinuka tena. Nikamgeukia yule bwana. "Toka nje."

"Ameniita mwenyewe. Mimi ni baba yake."

"Mama, mwache!" Chiriku akapaza sauti. "Bado sijamwonyesha kugeuka!"

"Umesikia?" baba akasema.

"Nimesikia. Miaka yote ninasikia mimi. Wewe umekuja leo umetazama mchezo, ukapiga makofi. Toka mtoto apimwe."

Mpimaji akasema kwa upole, "Baba, tafadhali subiri koridoni. Hatutakawia."

Akazikwapua funguo zake. "Nilijua nimeitwa kuja kudhalilishwa."

Akaenda zake mlangoni. Chiriku akamwona mgongo.

"Baba! Baba, ngoja!"

Akamkimbilia. Alikimbia kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, mkono umepanda kifuani, toka mwanzo wa ule mpira hadi mwisho, vidoti vyote vikiwaka. Baba yake akageuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua kwa bahati mbaya mlango wa bafu la wenyewe. Akaurudisha mlango taratibu, na tukasikia viatu vyake vikiishilia mbali.

"Nimeupata," mpimaji akasema chini chini, macho kwenye kompyuta.

Chumba cha pili kilikuwa cha plasta, cha kuchukulia umbo la mguu. Fundi, mzee mwenye aproni iliyoganda unga mweupe, alimzungushia Chiriku bendeji mbichi kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, akakishika kisigino mahali kinapopaswa kukaa. Mimi nikaambiwa nishike goti. "Usiruhusu mguu utikisike. Ukitikisika, umbo linaharibika na tunaanza upya." Nami kila kiungo changu kilitaka kutoka, kimfuate yule mtu mpaka kwake, kimwambie mbele ya mkewe.

"Mama. Aliniona nikikimbia?"

"Alikuona."

"Akacheka?"

"Hakucheka. Aliondoka."

Akatazama dari. Fundi alikuwa akilainisha plasta kwa kiganja.

"Siku ya kuchukua kifaa tumwite tena," Chiriku akasema. "Kisigino kitashuka chenyewe. Sitauma meno."

Fundi akajitia kiziwi. Mimi nilikuwa na jibu, na lilikuwa limeiva kwa miaka kumi. Lakini chini ya mkono wangu msuli ulianza kucheza, kama unavyocheza siku zote akiwa na hofu, na fundi akaniangalia upesi.

"Mama?"

"Tutamwita," nikasema. "Tulia."

Goti likalegea, fundi akaendelea kulainisha.