Mbwa wa Mwadhini

Isihaka wa Kibuta alikuwa mwadhini, na alikuwa na mbwa. La kwanza kijiji kililisikia kila alfajiri. La pili kila mtu alilijua, wala hakuna aliyelitamka. Enzi hizo za Mwingereza, mwenye mihogo hakuwa na budi kufuga mbwa wa kufukuza nguruwe mwitu, lakini Mwislamu akiulizwa alijibu, "Huyo ni mbwa wa shamba." Akisema "wangu", ataulizwa anaswali na nguo gani.

Mbwa mwenyewe aliitwa Tabu. Isihaka, ambaye hakuwa na mke, alimsukumia ukoko kwa kijiti, asimguse, huku akimsimulia habari ambazo hata ndugu zake hakuwaambia.

Siku moja Tabu alimng'ata mguu Mwanaamina, mjane jirani, alipokuwa akipita mpakani mwa shamba na mtungi wake. Jumbe Shomari akaita baraza, akaeleza amri ya serikali: mbwa mkali asiye na mwenyewe atapigwa risasi, mwenye mwenyewe atafungwa kamba, na huyo mwenyewe atamuuguza aliyeumwa.

"Nyamaza tu, kaka," Zahoro, jirani yake, alimnong'oneza Isihaka. "Hata uadhini utanyang'anywa."

"Mbwa wa nani?" Jumbe aliuliza.

"Wa shamba," watu walijibu.

"Basi shamba likamkande Mwanaamina?"

Hapo ndipo mtu hupimwa. Anayefaidi meno ya mbwa usiku hana haki ya kuyakana mchana. Isihaka akasimama.

"Ni wangu, Jumbe. Nimemlea tangu mdogo. Sikumfunga, kosa ni langu."

"Kesho adhana itabweka," mmoja akatania.

"Itabweka kwa wakati wake, nawe utaamka," Isihaka akamjibu.

Wengine walitaka mwadhini mpya. Imamu akawakatalia. "Mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Uongo mngeuosha kwa nini?"

Tangu hapo Tabu alishinda amefungwa, akifunguliwa magharibi ndani ya ua wa miti. Isihaka alimtekea Mwanaamina maji na kumlimia. Mguu ukapona, Isihaka akaendelea kuja na jembe.

"Nimeshapona, kaka," Mwanaamina alimwambia. "Kinachonisumbua sasa ni nguruwe. Niazime mbwa wako."

Isihaka akasimamisha jembe.

"Mbwa wangu, dada, haazimwi peke yake. Akija yeye, nami nakuja."

"Mimi nilidhani unajua hilo," alisema Mwanaamina, akaenda kuchochea moto wa chakula cha wawili.