Siku Niliyozilamineti Barua za Waziri

Jamani, hii aibu nimeikalia miaka, na ningeendelea kuikalia kama Nakato hangeisimulia Ijumaa iliyopita mbele ya watu wote pale Abu Hamour, tena akiongeza chumvi, kwa hiyo acheni niwaambie mwenyewe ilivyokuwa.

Nilikuwa mhudumu wa ofisi kwenye hoteli moja ya West Bay, huku kwa Waarabu, mkataba unaisha mwezi ule na mudir, yaani meneja wetu, hajasaini mwingine. Akaja profesa mmoja, mama wa Kimarekani, kuandaa maonyesho ya barua na hati za serikali za waziri fulani wa kwao wa karne ya kumi na tisa. Siku ya ufunguzi akanikabidhi bahasha yenye barua tatu, akasema nimtunzie vizuri, akaenda kula.

Nikachungulia (nani asingechungulia?). Karatasi zimekuwa kahawia, kingo zimeliwa, na zinanukia chai kidogo, nikajisemea mheshimiwa alikuwa akiandika huku anakunywa. Katika moja alikuwa anamkemea karani wake kwa kumharibia nyaraka, nami nikatikisa kichwa, nikamlaumu sana yule karani.

Sasa nyinyi mnajua kwetu karatasi ya maana inatunzwaje. Cheti changu cha darasa la nane mama alikilamineti kabla hata sijamaliza kukisoma, cha ubatizo pia, hata kadi ya kliniki, vyote viko ndani ya plastiki ngumu mpaka leo. Na mashine ya kulamineti, ile ya menyu za mkahawa, ilikuwa pale pale ofisini, tayari imepata moto. Nikapitisha barua ya kwanza, ikatoka inang'aa, nikafurahi, nikapitisha na mbili zilizobaki.

Nikakimbilia chumba cha dobi kumwonyesha Nakato, Mganda aliyekuwa akipiga pasi huko, aone kazi safi. Akaziangalia, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Ssebo, bwana wee, hizi zimeishi miaka yote hiyo zikikungoja wewe uje uziue?"

Ndipo likanijia wazo (lilikuwa langu, hapo Nakato hudanganya) kwamba plastiki iliingia kwa moto basi itatoka kwa moto, tukailaza ile ya kumkemea karani mezani, tukashusha pasi, plastiki ikang'ang'ania pasi, moshi mweusi ukapanda darini, na king'ora kikalia hoteli nzima.

Mwezi wa nane, saa sita mchana. Wageni wote wakatolewa nje kwenye maegesho, wengine na taulo za bwawa la kuogelea, wale rasmi wa ufunguzi wanachuruzika jasho ndani ya suti, na mudir anazunguka akiuliza ni nani. Mimi badala ya kunyamaza nikapiga magoti mbele ya profesa, barua mbili mkononi na kipande cha ya tatu, nikakiri yote kwa sauti, mpaka habari za cheti cha darasa la nane nikazitaja. Nililia, siwafichi. Nilishajiona kwenye ndege ya kurudi nyumbani.

Profesa akakigeuzageuza kile kipande. "Hizi ni nakala," akasema. "Nilizipaka chai mwenyewe, ni za watoto wa shule kushikashika. Za kweli ziko ndani ya kioo."

Watu walicheka, wa taulo wakacheka zaidi. Mudir hakucheka. Lakini kesho yake watoto walikuja na vidole vya juisi, na profesa alipoona zile mbili zinapanguswa tu kwa kitambaa na kubaki nzima, akaniomba nilamineti na nakala nyingine zote, kisha akamwambia mudir mbele yangu kwamba mtu huyu asiachwe. Mudir akasaini mkataba, na pamoja nao akanipa barua ya onyo kwa ajili ya ile pasi.

Tangu hapo niliapa sitalamineti karatasi yoyote tena, ukinipa bahasha nakaa nayo mapajani mpaka urudi. Kiapo nimekivunja mara moja tu. Ile barua ya onyo ilikuwa yangu, ina mhuri na sahihi ya mudir, ingekunjamana bure. Iko ukutani chumbani kwangu Al Rayyan, inang'aa.